Ng'ombe Waliobaki Ndani ya Simu

Simu ya mdogo wangu ililia kama ng'ombe katikati ya kilio cha msiba wake.

Sebule ilikuwa imejaa. Akina mama wa kanisa walikuwa wameketi chini kwenye mikeka, wanaume wako nje kwenye viti vya kukodi, na wimbo ulikuwa umefika pale ambapo sauti zinapanda pamoja. Simu ilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko tuliopewa hospitalini pamoja na glavu zake za pikipiki. Ikalia. Siyo ule mlio wa simu unaofanana kidogo na mnyama. Ng'ombe kabisa, jike, mwenye kiwele kilichojaa na mtu wa kumkamua amechelewa. Wimbo ukakatika kama uzi.

Papa, baba yetu, aliinuka, akapita katikati ya akina mama, akaichukua simu na kunipa mimi, kwa sababu maneno yaliyokuwa kwenye kioo yalikuwa ya Kifaransa na mimi ndiye mwalimu wa Kifaransa nyumbani.

"Inasema nini?"

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema ni matangazo tu, na kwa kweli yalikuwa matangazo. Lakini macho ya watu wote yalikuwa juu yangu, na nilikuwa nimelia mpaka akili imekauka. Nikamtafsiria neno kwa neno.

"Inasema ngombe zake ziko na njala, Papa. Ziko zinamungoja."

Mama mmoja akapiga ukelele. Mwingine akaanza kuomba kwa nguvu, kana kwamba shetani ameingia kupitia kabatini. Papa hakushtuka wala hakukasirika. Alikunja uso kama anavyokunja anapoletewa habari za kazi.

"Tangu lini?" akauliza.

Hilo ndilo swali la mtu aliyechunga ng'ombe maisha yake yote kule Masisi, kabla ya vita kutuleta Goma, kwenye nyumba hii ya mbao katika mtaa wa Mapendo. Hapa hana hata kuku. Bado huuliza bei ya maziwa kila asubuhi, na ikipanda anafurahi, ingawa sisi ndio wanunuzi.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa taximoto, kituo chake Birere. Lori lilimkuta kwenye kona, na zaidi ya hapo sitaki kusema. Akiwa anangoja abiria alicheza mchezo wa shamba katika simu yake. Mchezo wenyewe ulikuwa wa bure, na neno hilo nimejifunza kuliogopa. Bure ilikuwa ndama mmoja aliyekonda na kipande cha ardhi kikavu. Ukitaka majani, ukitaka maji, ukitaka ng'ombe anayefanana na ng'ombe, unalipa kwa almasi, na almasi zenyewe unazinunua kwa pesa ya kweli kupitia simu. Papa aliposikia hivyo mara ya kwanza, mdogo wangu akiwa bado hai, alicheka mpaka akakohoa. "Sisi Bakongomani njo tuko tunauzishiwa diama?"

Ng'ombe ghali kuliko wote alikuwa yule wa pembe ndefu, wa aina tuliyokuwa nayo sisi. Kumpata mmoja kulimgharimu mdogo wangu bei ya mbuzi mzima anayepumua sokoni. Nilimsema sana. Nilimwambia atazeeka bila mke kwa sababu ya kutoa mahari kwa picha. Yeye alikuwa akicheka tu, anaficha simu kifuani kama msichana anayeficha barua, na kusema, "Dada, ni wivu njo uko nayo."

Jioni ile, watu walipopungua, Papa alinitaka nifungue tuone hali ya mifugo. Alitumia maneno hayo hayo, hali ya mifugo. Namba ya siri nilikuwa naijua: ilikuwa namba ya pikipiki yake. Mchezo ukafunguka, na muziki mdogo wa furaha ukajaa katika chumba cha msiba mpaka nikaona aibu. Halafu kilima kikatokea.

Nilitegemea kuona shamba la kitoto, maua makubwa na jua lenye meno. Ilikuwa Masisi. Ilikuwa kwetu. Mchezo ule uliuza udongo, mawe na miti kipande kwa kipande, naye alikuwa amenunua na kupanga mpaka mteremko ukakaa kama ulivyokuwa. Mikaratusi mitatu upande wa juu. Chemchemi chini, na njia inayokwenda huko ikipinda pale inapopaswa kupinda. Nyumba ya bati, na bati moja jekundu katikati ya mengine, kwa sababu upepo uliwahi kuling'oa la zamani na dukani hawakuwa na rangi nyingine. Na zizi lenye lango la miti. Na kando ya lango, jiwe pana.

Papa alisogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Ile ni jiwe yangu," akasema. "Nilikuwa nashindaka pale."

Mdogo wangu alikuwa mtoto mdogo tulipokimbia. Sijui aliyahifadhi wapi mambo yale yote.

Langoni alikuwa amesimama mtu mdogo wa mchezo, yule anayemwakilisha mchezaji. Alikuwa amemvalisha kofia ya bluu na buti za njano, kama zile zake za mvua. Mkono mmoja ulikuwa juu ya mti wa lango. Alikuwa anapumua. Mabega yanapanda, yanashuka, mara nyingine anageuza kichwa kutazama nje ya kioo, yaani kututazama sisi. Juu yake yaliandikwa maneno, nami nikayasoma kimoyomoyo nisimtafsirie Papa: Ulikuwa wapi? Tulikukosa!

Nyuma yake ng'ombe walikuwa wameonyesha mbavu.

Nani aliyekaa mezani akafikiri kwamba ng'ombe wa mchezo waonyeshe mbavu mwenye nao asipofungua simu? Nilijiuliza hivyo na nikamchukia mtu huyo ambaye sitamjua kamwe. Na hapo hapo kikatokea kisanduku chenye nyota: kwa ajili yako wewe tu, almasi kwa punguzo, leo peke yake. Kwa ajili yako wewe tu! Kaburi la mdogo wangu halijakauka, na walikuwa wanampunguzia bei.

"Banataka nini?" Papa akauliza.

"Banataka tununue majani."

"Basi nunua."

Nikanunua. Mimi niliyemsema mdogo wangu, nikanunua. Ng'ombe wakala, mbavu zikaanza kupotea, na Papa akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu hospitalini.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mchungaji. Kila jioni saa kumi na mbili, saa ya kukamua, simu ililia ng'ombe, kwa sababu mdogo wangu mwenyewe aliipangia saa hiyo. Popote nilipokuwa, nikisahihisha madaftari au nikirudi kutoka shuleni Katindo, moyo uliruka, maana kwa nukta moja nilidhani ni yeye anapiga. Nafungua, nawalisha, naokota maziwa. Nikiwa nyumbani, Papa anakaa pembeni akinisimamia. Aliwaita kwa rangi zao kwa Kinyarwanda, kama ilivyokuwa desturi yetu: Bihogo yule mwekundu, Gitare mweupe, Mukara mweusi. Alinikataza kumlisha Mukara kwanza kwa sababu eti ana kiburi. Picha ya ng'ombe ina kiburi! Lakini baada ya muda nami niliona kweli anacho.

Jambo moja sikulifanya: kugusa lango. Mdogo wangu aliwahi kunionya, siku moja akila ugali na simu imesimama mbele ya sahani. Ukifungua lango, alisema, ng'ombe wanaondoka wote, na mchezo unakuuzia tena ng'ombe wako mwenyewe. Ni mtego. Watu wengi wameufungua kwa bahati mbaya na kulia.

Wakati ule nilishangaa kwa nini sauti yake ilibadilika aliposema lango. Sasa sishangai. Siku tuliyokimbia, ng'ombe wetu walikuwa wamefungwa zizini. Risasi zilisikika asubuhi upande wa chini, na Papa aliamini kwamba ni mambo ya kupita, kwamba tungejificha mchana na kurudi kukamua jioni. Hakuwafungulia, kwa hofu wasitawanyike. Tulipofika kwenye mikaratusi, mdogo wangu akaanza kulia kwamba turudi tufungue lango. Papa alimvuta mkono. Tukashuka upande wa pili, na kwa muda mrefu tuliwasikia ng'ombe wakiita ndani ya zizi. Hatukurudi jioni ile wala nyingine. Nyumbani kwetu tulizungumza mambo yote, hata kifo cha Mama tulikizungumza, ila hilo hapana.

Siku ya kumaliza kilio ilifika. Kwetu siku hiyo vitu vya marehemu hugawanywa mbele ya watu, ili kusiwe na manung'uniko. Baba mdogo ndiye aliyegawa. Koti likaenda kwa binamu, godoro likaenda kwa jirani aliyetupikia, buti za njano akachukua kijana wa kituo chake. Alipotaka kufunga kwa sala, Papa akainua mkono.

"Bado ngombe."

"Ngombe gani, muzee?"

"Zile za mu simu. Zile ni za dada yake. Njo anazichunga."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Baba mdogo ni mtu wa desturi, na desturi haisemi chochote kuhusu ng'ombe kukosa miili. Akafikiri, akakubali kwa kichwa, akatangaza kwa sauti ya mkutano kwamba ng'ombe wote, pamoja na watakaozaliwa, ni wangu. Nikapiga magoti, nikapokea simu kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Sijawahi kumiliki kitu kwa uhalali mkubwa namna ile.

Ujumbe ulikuja wiki chache baadaye. Wapenzi wachezaji, tunawashukuru kwa miaka mizuri tuliyokuwa pamoja. Kwa kuwa wachezaji wamepungua, huduma itafungwa mwisho wa mwezi. Almasi zilizobaki hazitarudishwa. Chini yake walichora ng'ombe anayepunga kwato.

Niliusoma nikiwa nimesimama barabarani, pikipiki zinanipigia honi pande zote. Niliporudi nyumbani nilifungua yale masharti marefu ambayo kila mtu anayakubali bila kuyasoma, nikayasoma kama ninavyosoma kazi ya mwanafunzi ninayemshuku. Kwenye kila kitufe cha mchezo waliandika acheter. Kununua. Ni kitenzi ninachowafundisha watoto mapema kabisa: nanunua mkate, unanunua mkate. Lakini kule chini, kwa herufi za sisimizi, hakuna aliyenunua kitu. Mchezaji alikuwa amepewa ruhusa ya kutumia. Ruhusa ni ya mtu mmoja, haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, nayo inaweza kuondolewa wakati wowote. Kwa hiyo yale makofi tuliyopigiwa hayakuwa na maana. Ng'ombe wale hawakuwa wangu hata kwa jioni moja, wala hawakuwahi kuwa wa mdogo wangu.

Mtu anakaa juani Birere siku nzima, anabeba watu na magunia, anatoa jasho lake kuwanunua ng'ombe aliowapoteza utotoni, na kumbe muuzaji anajua tangu mwanzo kwamba hauzi. Wezi wa kule kwetu angalau walikuja na bunduki, ukajua ni wezi.

Kumwambia Papa kulinishinda siku kadhaa. Hatimaye nilimwambia jioni, ng'ombe wakiwa wanakula. Nilieleza vibaya, nachanganya lugha, mambo ya leseni na seva na kampuni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe balimuragiza," akasema.

Kuragiza ni neno la Kinyarwanda. Mwenye ng'ombe anampa mtu mwingine amchungie. Mchungaji anakunywa maziwa, anachukua samadi, anaweza kukaa na ng'ombe huyo mpaka watoto wake wamdhanie ni wao. Lakini ng'ombe ana mwenyewe, na siku mwenyewe akimtaka, anamchukua.

"Ndiyo, Papa. Ila yeye alikuwa analipa juu ya kuchunga."

Hilo lilimsumbua. Alilirudia mara kadhaa, analipa juu ya kuchunga, kama mtu anayeonja kitu kilichoharibika. Kisha akasema kwamba hata hivyo, mwenye ng'ombe akichukua ng'ombe wake, huwa anamwachia mchungaji ndama. Ni haki. Akanituma niwaandikie. Nikawaandikia kweli, kwa Kifaransa changu kizuri kuliko vyote, kwamba mchungaji wao amefariki, kwamba familia haigombani nao, kwamba tunaomba tuachiwe ndama mmoja, hata yule mwembamba wa bure. Jibu lilikuja haraka mno kuwa la mtu. Walishukuru kwa maoni yangu na kunipa almasi za kuanzia katika mchezo wao mwingine, wa kujenga mji.

"Hakuna ndama," nikamwambia Papa.

"Habana adabu," akasema.

Siku ya mwisho nilirudi mapema kutoka shuleni. Nilikuwa nimeweka megabaiti za kutosha, kwa kuogopa mtandao utukatikie. Papa alikuwa amevaa shati la kwenda kanisani. Tulikaa karibu na dirisha. Nilifungua, na yule mtu wa kofia ya bluu alikuwa pale pale, mkono juu ya lango, mabega yanapanda na kushuka. Nikawalisha ng'ombe wote, Mukara wa mwisho. Juu ya kioo kulikuwa na saa inayorudi nyuma.

Nilidhani tungekaa tu tukitazama mpaka kuzime. Papa akanyoosha kidole kwenye lango.

"Fungua."

"Papa, nikifungua zitaenda zote."

"Fungua." Kidole chake hakikuondoka kwenye lango. "Ile siku sikufungua. Nilizisikia muda yote tulikuwa tunatembea. Yeye alikuwa anasema, Papa, tufungue, na mimi nikamuvuta mukono. Leo ziende zenyewe. Bakikuja kuzichukua, basizikute tena ndani."

Nikafungua.

Lango lilizunguka taratibu. Bihogo alitoka kwanza, kisha wengine, mmoja nyuma ya mwingine, pembe zinapishana, wakashika njia ya chemchemi. Kisanduku kikaruka usoni petu: Je, unataka kuwarudisha ng'ombe wako? Na bei chini yake, hata saa ile ya mwisho.

"Usibonyeze," Papa akasema.

Sikubonyeza. Ng'ombe wa mwisho alikuwa Mukara, naye alisimama langoni kwa kiburi chake, kisha akaenda. Nilijua wangeondoka, hilo mdogo wangu alishaniambia. Kuna kitu hakuniambia, labda kwa sababu hakuwahi kukiona. Yule mtu mdogo aliondoa mkono wake juu ya lango. Akatugeuzia mgongo. Akaanza kuwafuata ng'ombe wake, kwa zile buti za njano, akishuka njia inapopinda, haraka kidogo, kama mtu aliyechelewa. Sikuwa nimegusa kitu. Vidole vyangu vilikuwa juu ya magoti yangu.

Papa alilia. Hakuwa amelia hospitalini wala kaburini. Alilia kwa sauti, na mikono yake yote miwili ilikuwa mbele ya kioo, wazi, haimshiki mtu.

Kilima kilibaki na nyumba, mikaratusi na jiwe. Baadaye kioo kikawa cheupe, yakatokea maneno kwamba haiwezekani kuunganishwa.

Nilidhani simu itanyamaza. Kesho yake jioni, saa kumi na mbili, nikiwa naosha vyombo, ng'ombe akalia sebuleni. Ule ukumbusho mdogo wangu aliupanga ndani ya simu yenyewe, si kule kwao, na hakuna aliyekumbuka kuuzima. Nilikimbia na mikono ina povu. Kwenye kioo, yale yale: Ng'ombe wako wanakungoja.

Nilikuwa natafuta mahali pa kuuzima milele. Papa alikuwa ameketi na kikombe chake cha maziwa, wala hakugeuza kichwa.

"Wacha," akasema. "Ziko na mutu."